Sentimita Tano za Barabara ya Engaresero

Anayetoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero huiacha lami nyuma, akapita Selela na Engaruka, milima ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai ikiwa upande wake wa kushoto, mpaka Ziwa Natron linapoanza kung'aa mbele yake. Njia hiyo ndiyo shamba langu. Napeleka unga, sukari, mafuta ya kupikia, soda na dawa za mifugo. Narudi na ngozi, mbuzi na abiria. Na kwa kuwa magari ya kule ni ya kuhesabu, kila mwenye gari ana gari la wagonjwa, apende asipende. Simu ikilia saa nane za usiku huulizi nani atalipa.

Kinachoitesa njia hiyo ni makorongo. Maji ya mvua hushuka milimani kwa kasi, yakakata barabara popote yanapotaka, na udongo wenyewe una majivu mengi ya volkano, haushikani. Lengai ni mlima hai. Ulilipuka mwaka 2007, ukaendelea kutema majivu hadi 2008, na wazee wa Engaresero bado wanahadithia siku ambazo malisho yaligeuka rangi. Greda hupita, barabara ikanyooka kwa majuma machache, kisha mvua moja tu ikanyesha na korongo likahamia pengine. Ulipopita juzi bila hata kubadili gia, leo unakuta ukingo unaomfikia mtu kiunoni. Mwaka 2011, watu walipomiminika kwa maelfu kwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, njia hii ilipitwa na kila aina ya gari. Sisi wa Mto wa Mbu tuliyaona yalivyorudi: bampa zimefungwa kwa kamba za katani, egzosi zimelazwa juu ya viti, matangi ya mafuta yamezibwa kwa sabuni ya mche.

Gari langu ni Land Cruiser pikapu, ile inayoitwa HZJ79, ya kabini moja, injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, isiyo na tabo. Toyota walianza kuuza ukoo huu wa 70 mwaka 1984. Tangu 1999 ekseli ya mbele imebebwa na springi za koili. Nyuma zimebaki springi bapa, zile za vyuma vilivyolaliana kimoja juu ya kingine. Ni gari la kazi, nalipenda, na sijaona linaloweza kuchukua nafasi yake huku kwetu. Lakini chuma nacho huchoka. Springi bapa iliyo nzima ina upinde, na nguvu yake imo ndani ya upinde huo. Za kwangu, miaka ilivyokwenda, zilikuwa zikilala kabisa nikishapakia, na mzigo ukizidi kidogo zilipinda kinyume. Ekseli ikawa inagota kwenye chesisi. Kila korongo likawa na sauti mbili ambazo nilizijua hata kabla sijalifikia: kwanza mgoto wa nyuma unaopanda mpaka kwenye meno, halafu ukingo wa udongo ukikwaruza tumbo la tangi.

Huku kwetu dawa ya hali hiyo inajulikana, na ni ya nusu siku. Unaongeza chuma kimoja au viwili kwenye springi, au unachomelea vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, gari linapanda juu, unalipa, unaondoka. Nimepanda magari mengi ya namna hiyo. Yamesimama vizuri ukiyaona kwa mbali. Yakiwa matupu yanakurusha kiasi kwamba kichwa kinagonga paa. Pikapu ya jirani yangu ilichomelewa vipande vya bomba la mraba. Baada ya muda senta bolti ikakatika, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na gari likawa linatembea kimshazari kama kaa. Alishukuru Mungu kwamba lilimtokea karibu na nyumbani na si kwenye mteremko.

Usiku ulionifanya niamue ulikuwa wa mvua za masika. Nilipigiwa simu kutoka boma moja ng'ambo ya Engaresero: binti mjamzito, mimba ya kwanza, uchungu umeanza tangu asubuhi na mtoto hashuki. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, mama mkwe wake akakaa naye akimshika kichwa, turubai juu yao. Nikaingiza gia ya kwanza na nikabaki nayo. Mpaka leo nikiifikiria safari ile nakumbuka kioo kidogo cha nyuma ya kabini, na mkono wa yule mama ukigonga kile kioo kila ekseli ilipogota. Hakuwa akinigombeza. Alikuwa akinijulisha kwamba binti ameumia tena.

"Yeyo, nisimame kidogo?" nilimuuliza kwa dirisha.

"Endesha, mwanangu. Lakini polepole."

Na polepole zaidi haikuwapo. Tulifika Karatu jua limechomoza, binti akajifungua salama, mtoto wa kike. Mimi nilibaki nje ya geti la hospitali nimeegemea gari, mikono inatetemeka, nikisema moyoni kwamba chombo kinachobeba watu kama huyu hakiwezi kuendelea kuwa hivi.

Nikauza ng'ombe wawili, nikaenda Arusha.

Arusha ina mafundi ambao maisha yao yote wamekuwa chini ya Land Cruiser. Magari ya watalii unayoyaona Ngorongoro na Serengeti, yenye viti virefu na paa linalofunguka, mengi yamekatwa chesisi na kurefushwa katika gereji za mji ule, na gari likirefushwa na kuongezewa watu na vyuma, springi zake lazima zifikiriwe upya. Ujuzi wa kunyanyua gari upo pale. Fundi niliyeelekezwa ni mzee mwenye nywele nyeupe, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, nikamwambia nataka gari liwe juu.

"Mwanangu, gari lako linabeba nini?"

Nikarudia kwamba nataka liwe juu, hata inchi nne ikiwezekana.

"Urefu utapata. Nitajie mzigo kwanza."

Alinikalisha kwenye benchi, akatoa daftari la shule. Akataka kujua magunia ya unga ni mangapi kwa kawaida, si siku ya sikukuu. Akauliza pipa la maji linakaa wapi, tairi la akiba liko wapi, jeki, minyororo, kama kuna winchi mbele au nina mpango wa kuiweka. Akauliza narudi na uzito gani. Swali la mwisho ndilo lililonishangaza: akitokea mgonjwa, gari linakuwa na mzigo mwingine au analala peke yake? Nikamwambia analala peke yake, gari tupu. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Springi, alinieleza, hutengenezwa kwa uzito fulani. Ya kubeba tani moja muda wote itakuwa ngumu kama reli ukiibebesha kilo mia, na ya kilo mia itavunjika mgongo ukiitwisha tani. Watengenezaji wazuri wana springi za urefu uleule kwa mizigo tofauti, na anayenunua kwa kuangalia urefu peke yake ananunua nusu ya kitu. Kwa gari kama langu alichagua springi ya kati, yenye vyuma vya juu vilivyo laini vya kubeba gari likiwa jepesi, na vyuma vizito chini yake vinavyoingia kazini mzigo ukiongezeka. Na kimo alinipa sentimita tano. Inchi mbili basi.

Nilipobisha kuhusu kimo alinilaza chini ya gari. Naomba msomaji anayefikiria kunyanyua gari lake alale chini vivyo hivyo kabla hajatoa pesa, maana pale ndipo nilipoelewa. Aliweka kiganja chake juu ya difu, lile tufe la chuma katikati ya ekseli. "Hii haitapanda hata unywele," akasema. Ekseli ya gari hili ni mti mmoja kutoka tairi hadi tairi. Springi zinakaa juu yake. Ukinyanyua springi, kinachopanda ni chesisi, bodi, tangi, bampa. Difu inabaki na matairi. Kwa gari langu, kati ya difu na ardhi ni kama sentimita 23, na springi za mbinguni haziwezi kuzibadilisha. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa zaidi, na hata hilo linatoa nusu tu: tairi lenye kipenyo kilichoongezeka sentimita nne huinua difu sentimita mbili. Kuna magari yaliyoundwa kukwepa jambo hili, kama Unimog ya Mercedes-Benz, ambayo ekseli yake imepandishwa juu ya kitovu cha tairi na nguvu ikateremshwa kwa gia zilizo pale kwenye habu. Sisi wengine tunapokuta jiwe katikati ya barabara tunalipitia kwa tairi, hatulipitishi chini ya difu, gari liwe limenyanyuliwa au halijanyanyuliwa.

Basi sentimita tano ni za nini? Kwanza ni za pembe. Bampa ya mbele ikipanda, gari linaweza kushuka ukingo mkali zaidi bila kuchimba ardhi. Ya nyuma vilevile wakati wa kutoka. Na tumbo linavuka kilele cha tuta bila kukalia. Hayo kila mtu anayajua. La pili ndilo ambalo sikuwahi kulisikia kutoka kwa yeyote mpaka siku ile: ni nafasi ya tairi kwenda juu na chini.

Alinionyesha kwa vitendo. Nyuma ya gereji palikuwa na kichuguu cha udongo walichokilundika kwa kazi hiyo. Akaniambia nipandishe tairi la mbele la kulia juu yake, taratibu, mpaka aseme. Nikapanda. Akapiga ukelele, nikavuta breki ya mkono, nikashuka. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limefichwa ndani ya digadi, springi imegota. Lile la nyuma la kulia lilikuwa hewani. Fundi alipitisha mkono wake wote chini yake, akautoa upande wa pili, akanitazama. Hakusema kitu na hakukuwa na haja. Nililijua tairi lile. Ndilo lililozunguka bure korongoni mara zisizo na idadi, likirusha vumbi, huku matatu yaliyo chini yakisubiri. Kwa kuwa difu ya kawaida, isiyo na loku, hupeleka nguvu kule kwenye wepesi, na hakuna kwepesi kuliko hewani. Miaka yote tulikuwa tukisema injini imechoka.

Kwa hiyo shokapu nazo zinabadilishwa, hilo si anasa. Shokapu ndiyo inayoweka kikomo cha tairi kushuka. Ikifika mwisho wa urefu wake, tairi linaning'inia hata kama springi bado ina nguvu ya kulisukuma. Wale wanaoweka vikombe vya kunyanyulia juu ya koili na kuacha shokapu za zamani wanapandisha gari na papo hapo wanalinyima tairi njia ya kushuka. Gari linakuwa juu na linakwama mapema kuliko lilivyokuwa chini. Nimeliona hilo kwa macho barabarani kwetu, na sasa najua sababu.

Kazi yenyewe ilichukua siku kadhaa na mzee hakukubali kuharakishwa. Alipima kwanza, kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa digadi, kila kona peke yake, gari likiwa tupu na kisha likiwa na magunia ya mchanga. Anapima hivyo kwa sababu upepo wa tairi ukipungua, kipimo cha kutoka ardhini kinadanganya. Yubolti za zamani alizitupa. Nilitaka kuziokoa, zilionekana nzima. Akasema yubolti ikishakazwa kwa nguvu yake imeshanyooka, hairudi kazini. Bushi mpya zilipoingia kwenye macho ya springi na shekeli, alizishika kwa nati za mkono tu, akashusha gari likasimama kwa matairi yake, ndipo akakaza. Bushi ikikazwa gari likiwa linaning'inia, raba inakaa imejikunja muda wote wa safari na inachanika kabla ya mwaka kuisha. Hilo ni jambo la dakika tano ambalo mafundi wengi huliruka.

Kisha yakaja yale ambayo mtu wa nusu siku hayagusi kabisa. Ekseli ya mbele ya HZJ79 inashikwa na mikono miwili inayotoka kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono inainamia chini, na ekseli nzima inajizungusha kidogo. Ile pembe ya usukani inayoitwa kasta inapungua. Dereva ataijua kwa dalili moja: akishakata kona, usukani haurudi wenyewe, na kwenye lami gari linatangatanga. Aliweka bushi maalumu ambazo tundu lake halipo katikati, zikairudisha ekseli mahali pake, halafu gari likaenda alaimenti. Rodi ya panhadi, inayoizuia ekseli isiende upande, nayo huisogeza pembeni kidogo gari likipanda, akaipima, akairekebisha. Hosi za breki aliweka ndefu zaidi, kwa kuwa tairi sasa linashuka mbali kuliko zamani na hosi fupi ingekatika siku ambayo breki inahitajika kuliko siku nyingine zote. Akaangalia krosi na pembe ya propela. Akarefusha bomba la kupumulia difu mpaka juu karibu na kabini: difu yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi ya mto hunyonya, na bomba likiwa chini hunyonya maji.

Na kuna valvu ya breki za nyuma. Kwenye gari langu imefungwa kwenye chesisi na mkono wake umeshikwa kwenye ekseli. Inatambua uzito wa mzigo kwa kuona jinsi chesisi ilivyokaribia ekseli. Ukinyanyua gari bila kuigusa, valvu inadhani gari ni tupu hata likiwa na tani nzima, inazipunguzia breki za nyuma nguvu, na mbele zinabeba kazi peke yake. Fikiria mtu anashuka mteremko wa Mto wa Mbu kutoka upande wa Karatu na mzigo kamili na breki za namna hiyo. Ni magari mangapi yaliyonyanyuliwa yanapita pale kila siku na hakuna aliyewahi kuinamia valvu hiyo? Jambo hili linaniuma, na nalisema kwa kila dereva ninayekutana naye mizani au kituo cha mafuta.

Matairi niliyaacha yaleyale, 7.50 kwa 16, membamba na marefu. Wapo walionicheka kwamba gari limepanda juu na miguu ni myembamba. Tairi hilo linapatikana Mto wa Mbu, linapatikana Karatu, na likipasuka Engaruka jioni kuna mtu atakuwa nalo. Tairi pana la inchi 33 lingenipa difu ya juu kidogo, lingenidai gia nyingine na usukani mwingine, spidi mita ingesoma pungufu, na lingenilaza njiani siku mbili. Taa zikashushwa pembe zisiwamulike machoni wanaokuja mbele. Nikaandika barua kwa watu wa bima kuwajulisha mabadiliko, kwa kuwa gari lililobadilishwa bila taarifa linampa mlipaji sababu ya kukataa siku ya ajali.

Wakati wa chai mzee alikuwa na hadithi moja aliyoipenda, ya Safari Rally ya mwaka 1978. Porsche walileta Kenya magari ya 911, gari ambalo kwa kawaida linatambaa chini kabisa, wakalinyanyua mpaka likawa na sentimita 28 kati yake na ardhi. Vic Preston Mdogo alimaliza wa pili na moja ya magari hayo; ushindi ulikwenda kwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot. Mzee alikuwa kijana wakati huo, akifanya kazi Nairobi. Alichokuwa akitaka nikione ndani ya hadithi ile ni kwamba watu wa kiwanda, walipotaka gari la lami liweze kuvuka matope yetu, walinyanyua kila kitu kwa pamoja na kuimarisha kila kilichoguswa. Kisha akamalizia chai yake akarudi chini ya gari.

Siku ya kuchukua gari tulirudi kwenye kile kichuguu. Tairi la mbele la kulia likapanda, likapanda tena, na la nyuma la kulia likabaki limekanyaga udongo, limenyooshwa chini ya chesisi kuliko nilivyowahi kuliona. Mzee alijaribu kupitisha vidole chini yake. Havikupita.

Yaliyofuata barabarani ndiyo ninayoyashuhudia hapa kwa moyo wote. Zamani korongo nililiingilia kimshazari, tairi moja moja, kwa kuogopa kuchomeka bampa. Madereva wote wa magari ya chini hufanya hivyo, na ubaya wake ni kwamba kimshazari ndiko kunakotupa tairi moja hewani, na ndiko kunakolaza gari upande. Sasa naingia moja kwa moja, matairi mawili ya mbele kwa pamoja, gia ndogo, mguu mbali na klachi, na bampa inapita. Napunguza upepo wa matairi kwenye majivu ya chini ya Lengai kama zamani, natia fowili mapema kama zamani, lakini gari linatembea pale ambapo lilikuwa linahangaika. Tangi halijaguswa na udongo tangu siku ile. Mgoto wa nyuma umekwisha.

Kimo kina bei yake, na si ya fundi tu. Gari lililopanda limepandisha uzito wake nalo, na kinachopinduka kwa urahisi ni kile chenye uzito juu. Niliing'oa keria ya juu ya kabini. Pipa la maji likashuka, likakaa sakafuni nyuma ya kabini. Magunia chini, vitu vyepesi juu, na hakuna tena abiria wa kukaa kileleni mwa mzigo. Hilo la mwisho lilileta maneno. Siku ya mnada mzee mmoja alinisimamia mbele ya gari, rungu mkononi, akaniuliza tangu lini nimekuwa tajiri hata nikatae watu. Nilimwamkia kwa heshima yake, nikamweleza kwamba gari hili sasa likiinama na watu juu linaweza kuwamwaga wote korongoni, na kwamba nina watoto wake wengi nimewabeba na nataka niendelee kuwabeba. Hakuridhika siku ile. Baadaye alipanda, mbele, pembeni yangu, na akalipa nauli ya mbele. Mapato ya safari yamepungua kwa nauli hizo, lakini nimeyarudisha upande wa matengenezo, kwa kuwa sivunji springi, sichomelei tangi, na shokapu hazimwagi mafuta kila baada ya masika. Kwenye lami ya kwenda Makuyuni siendi tena kwa mwendo niliokuwa nao. Upepo wa ubavuni unalisukuma gari kuliko zamani, na kwenye kona nalisubiri litulie kabla sijaongeza mafuta.

Wagonjwa wameendelea kuja, maana barabara ni ileile na zahanati ni mbali vilevile. Masika yaliyofuata nilimbeba mama mwingine, naye mjamzito, kutoka upande uleule. Godoro lilelile, turubai lilelile. Springi za juu, zile laini ambazo mzee alizichagua baada ya kupiga mstari chini ya jibu langu, zilifanya kazi yake. Dada aliyefuatana naye aligonga kioo mara moja njia nzima. Nikasimama haraka, nikashuka, moyo unanienda mbio. Alikuwa anataka nizime redio, mgonjwa amelala.

Sasa jirani yangu, yule wa vipande vya bomba, anataka sentimita kumi. Vijana wa kijiweni wamemwambia tano hazionekani. Nimekaa naye jioni mbili. Nimemlaza chini ya gari langu, nimemwekea kiganja chake kwenye difu, nimemwonyesha valvu, hosi na bushi zenye tundu la pembeni, na nimemweleza kwamba kila sentimita anayoiongeza juu ya hizo tano inazidisha pembe za propela na usukani ambazo lazima mtu azitibu, na kwamba yeye anabeba magogo na matofali, mzigo mzito kuliko wangu, hivyo springi zangu hazimfai. Ameanza kwa kuandika. Jana tulihesabu matofali ya safari yake ya kawaida, tukapima moja kwenye mizani ya duka, tukazidisha. Jumatatu tunaondoka pamoja kwenda Arusha, na karatasi yake iko mfukoni mwa shati langu ili asije akaisahau nyumbani.